Tumbo na dawa zake: mwongozo kamili wa mitishamba na chumvi za tiba, kwa vipimo

Anayesema tumbo linamsumbua huenda anaharisha, huenda hajapata choo siku ya nne sasa, huenda chembe cha moyo kinamchoma baada ya pilau, au amejaa gesi hadi hawezi kufunga mkanda. Yote anayaita tumbo, na akifika kwa muuza dawa za asili hupewa mfuko mmoja unaosemekana kutibu yote. Hapo ndipo madhara yanapoanza, kwa sababu dawa ya tumbo moja ni hatari kwa tumbo jingine. Sanamaki inayomfungua aliyekosa choo inaweza kumpasua mwenye kidole tumbo. Mnanaa unaotuliza msokoto humzidishia kiungulia mwenye asidi inayopanda.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa malalamiko, na kila dawa imepewa kipimo. Mitishamba na chumvi hizi ni dawa kweli, na kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru kikizidishwa.

Kabla ya kuchemsha chochote

Kuna hali ambazo hazina dawa ya jikoni. Nenda hospitali moja kwa moja ukiona mojawapo ya hizi: kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami, damu kwenye choo cha mtoto, maumivu yaliyoanza kitovuni yakahamia chini upande wa kulia, tumbo gumu kama ubao, kuharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, macho kuwa ya njano, chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu. Mjamzito mwenye maumivu makali ya tumbo naye asisubiri.

Moja zaidi, kwa sababu imeua watu waliodhani wana asidi: kuchoma kifuani kunakoelekea mkono wa kushoto, shingoni au kwenye taya, pamoja na jasho jembamba na kukosa pumzi, kunaweza kuwa moyo.

Sasa vipimo. Kijiko cha chai humu ni cha mililita 5, na kinajazwa kisha kufutwa juu kwa mgongo wa kisu ili kiwe sawasawa. Kijiko chenye kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kilichofutwa. Kwa lita moja tumia chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa lita 1, au mbili za nusu lita. Jagi la nyumbani usilikadirie kwa macho. Kijiko cha chai kilichofutwa cha chumvi ni takriban gramu 6, cha sukari gramu 4, na cha soda ya kuokea karibu gramu 5.

Kuharisha: chumvi, sukari na zinki

Anayeharisha hauawi na kuharisha kwenyewe. Anauawa na maji na chumvi zinazomtoka. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kurudisha kilichotoka, na kazi ya kukausha choo inakuja baadaye, kama inahitajika kabisa.

Ukuta wa utumbo una mlango ambao sodiamu ya chumvi na glukosi ya sukari huingia pamoja, na maji huzifuata. Mlango huo hubaki wazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Maji matupu hayatoshi kwa sababu hayana cha kuyavuta. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, wakati kipindupindu kimepamba moto. Akaagiza watu wanyweshwe mchanganyiko wa chumvi na sukari kwa kikombe, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza chumvi na sukari katika pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa, na mchanganyiko unaotumika leo kwa lita moja ni chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti ya sodiamu gramu 2.9.

Ukipata pakiti ya ORS, tumia pakiti. Ina potasiamu na sitreti ambazo jikoni huna. Hatua zake:

1. Soma pakiti inataka maji kiasi gani. Zipo za lita 1, za nusu lita, na ndogo za mililita 200. Kosa kubwa kuliko yote ni kumwaga pakiti ya lita katika kikombe ili "iwe kali".
2. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, ndipo umimine unga wote kwa mara moja. Usigawanye pakiti nusunusu, na usichemshe tena baada ya kuchanganya.
3. Onja. Yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya.
4. Mpe kwa kikombe au kijiko. Chupa ya kunyonya ni vigumu kuisafisha. Mtoto chini ya miaka 2: mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Wa miaka 2 hadi 10: mililita 100 hadi 200. Mkubwa: kadiri anavyoweza.
5. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudi na kijiko kimoja kila baada ya dakika 2 au 3. Wazazi wengi huacha hapa wakidhani tumbo limekataa. Tumbo limekataa wingi wa mara moja tu.
6. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga.

Ukikosa pakiti: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimefutwa. Koroga hadi sukari iishe chini. Usibadilishane vipimo hivi hata kwa bahati mbaya. Chumvi ikizidi, sodiamu hupanda katika damu na mtoto anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni na kuharisha kunaongezeka, na kwa sababu hiyo hiyo soda za chupa na juisi za pakiti hazifai.

Uji nao ni dawa hapa. Pika unga wa mchele gramu 50 hadi 80 katika lita moja ya maji kwa dakika 5 hadi 10, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi, uwe mwepesi wa kunyweka. Wanga huvunjika polepole kuwa glukosi, kwa hiyo hauvuti maji kama sukari. Huchacha haraka, usiuweke zaidi ya saa 6 hadi 8. Madafu, ambayo watu wa Pwani huyakimbilia kwanza, yana potasiamu nyingi lakini sodiamu chache. Yanywewe kama nyongeza, na kwa aliyeharisha sana yasichukue nafasi ya ORS.

Kisha zinki, ambayo watu wengi huisahau. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, wa chini ya miezi 6 miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Yeyusha kidonge katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Maliza siku zote hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu, kwa sababu zinki inaukarabati utumbo na kupunguza kurudi kwa ugonjwa katika miezi 2 au 3 inayofuata.

Kunyonyesha kusikatizwe. Chakula kisikatizwe. Ile desturi ya "kulipumzisha tumbo" kwa siku nzima humwacha mtoto amedhoofika bila faida yoyote.

Ndizi mbichi ina nafasi yake. Chemsha na ganda lake hadi ilainike, menya, ponda na chumvi kidogo, mpe mtoto aliyekwisha kuanza kula. Wanga wake haumeng'enywi wote katika utumbo mwembamba. Hufika utumbo mpana, bakteria wakauchachusha kuwa asidi zinazosaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Madaktari wa Bangladesh waliijaribu kwa watoto wenye kuharisha kusikokoma wakaona faida. Lazima iwe mbichi kweli, kwani ikishaanza kuiva wanga umegeuka sukari.

Kwa mtu mzima anayeharisha maji bila damu wala homa, majani ya mpera yanafaa kuongezwa juu ya ORS. Chukua majani machanga 6 hadi 8, osha, chemsha katika vikombe 2 vya maji kwa dakika 10 hadi maji yawe rangi ya chai hafifu, chuja. Nusu kikombe mara 3 kwa siku, siku 2, mwisho 3. Uchachu unaokausha ulimi ni tanini, na ndiyo inayobana utumbo. Yakichemka nusu saa hugeuka makali, husababisha kichefuchefu na baadaye kufunga choo. Ganda la komamanga lina tanini hiyo hiyo, ila kuwa mwangalifu: linalotumika ni ganda la tunda. Gome la mzizi wa mkomamanga ni dawa ya kale ya tegu na lina sumu.

Mtihani wa upungufu wa maji kwa mtoto: finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, kisha achia. Ikirudi polepole, macho yamezama, anagombania kikombe kwa kiu au, vibaya zaidi, amelegea hataki kunywa, mkimbize kituo cha afya huku ukimnywesha njiani kama ana uwezo wa kumeza.

Dawa za kufunga tumbo, kama loperamaidi, mtoto asipewe, na mkubwa asitumie akiwa na homa au choo chenye damu. Hufungia maradhi ndani. Metronidazoli, antibayotiki inayonunuliwa kila tumbo likilegea, haina kazi dhidi ya virusi, navyo ndivyo vinavyowaharisha watoto wengi.

Kiungulia, na suala la magadi

Asidi ya tumbo ikipanda kooni, kitu chochote chenye ualkali kitaizima. Swali ni kipi, na kwa bei gani kwa mwili.

Soda ya kuokea ni bikaboneti ya sodiamu tupu. Hakikisha si beking pauda, ambayo imechanganywa asidi na wanga. Mtu mzima: nusu kijiko cha chai, kimefutwa, katika nusu glasi ya maji. Koroga hadi iyeyuke yote na povu litulie, kisha unywe polepole, tumbo likiwa halijajaa. Sharti hili ni la lazima. Bikaboneti ikikutana na asidi hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, na kuna watu ambao tumbo lao lilipasuka kwa kuinywa mara tu baada ya mlo mkubwa. Isizidi mara 3 kwa siku, wala siku 3 mfululizo. Nusu kijiko hicho kina sodiamu zaidi ya miligramu 600, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe 2,000 kwa siku kutoka kila chanzo. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, mjamzito na mtoto waiache.

Magadi ni jambo jingine kabisa, na hapa tunaomba usikilizwe ushauri huu kwa uzito. Magadi yanayotoka Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Kaboneti ni kali zaidi. Ndiyo inayotumika kufulia nguo na kutengenezea kioo. Kulamba bonge la magadi kunatuliza kweli, na ndiyo maana desturi imedumu, lakini hujui umelamba kiasi gani, huunguza koo, na magadi mengi yana floraidi. Floraidi hiyo imehusishwa na meno ya kahawia ya watoto wa kaskazini mwa Tanzania, hata katika sehemu ambazo maji ya kunywa hayana floraidi nyingi, kwa sababu inaingia kupitia chungu cha maharage na makande. Mjamzito anayelamba magadi kwa kiungulia aache, aende kliniki apewe kilicho salama.

Chaguo bora ni vidonge vya kutafuna vya magnesia (magnesiamu trisiliketi), au dawa ya maji yenye magnesiamu na aluminiamu pamoja. Ziliunganishwa kwa makusudi: magnesiamu pekee huharisha, aluminiamu pekee hufunga choo. Tafuna kidonge hadi kiwe unga mdomoni. Kikimezwa kizima hakina eneo la kutosha kukutana na asidi. Wakati wake ni saa 1 hadi 3 baada ya kula, na wakati wa kulala. Ukinywa kabla ya chakula, inatoka tumboni ndani ya nusu saa na kazi inaishia hapo. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie bila daktari, kwa kuwa figo zake hazitoi magnesiamu wala aluminiamu ipasavyo.

Usimeze dawa hizi pamoja na antibayotiki za doksisaiklini na siprofloksasini, au vidonge vya madini ya chuma. Chumvi hizi huzishika na kuzizuia zisiingie damuni. Acha angalau saa 2 katikati.

Bila dawa yoyote: kula cha jioni muda wa saa 3 kabla ya kulala, lalia ubavu wa kushoto, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kuongeza mito hakusaidii, hukunja tumbo na kusukuma asidi juu. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi kisha tumbo hujibu kwa asidi mpya.

Kiungulia kinachorudi kila wiki, au maumivu ya chembe yanayomwamsha mtu usiku, huenda ni vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vinatokana na bakteria Helicobacter pylori, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kikuu cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Kabichi, asali na unga wa aina aina unaouzwa stendi vinaweza kutuliza, lakini havimwondoi bakteria huyo. Omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu huonyesha kwamba uliwahi kuambukizwa, hata kama ulikwisha kupona. Acha omeprazoli na ndugu zake, dawa za kupunguza asidi, wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki 4, la sivyo jibu linaweza kuwa hasi la uongo. Tiba ni antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, na pima tena baadaye. Wanaoacha siku ya tano maumivu yalipokwisha ndio wanaorudi na bakteria sugu.

Urukususu, ule mzizi mtamu wa maduka ya dawa za Kiarabu, ni dawa ya zamani ya chembe cha moyo. Kinachoupa utamu, glisirizini, hupandisha presha na kushusha potasiamu. Kipande kidogo kutafuna mara mojamoja hakina neno kwa mwenye afya. Kuunywa kila siku kwa wiki kadhaa kuna neno, na kwa mwenye presha ni hatari.

Gesi na msokoto

Hapa mitishamba inang'ara. Shamari, jira (watu wa Zanzibar huiita uzile) na iliki zina mafuta yanayolegeza misuli ya utumbo iliyojikaza, na hewa hupata njia.

Ponda kijiko kimoja cha chai cha shamari au jira kwenye kinu hadi mbegu zipasuke, zisiwe unga. Mimina maji yaliyochemka, mililita 200. Funika kwa kisahani dakika 10. Chuja, kunywa ya vuguvugu baada ya chakula, hadi mara 3 kwa siku. Kufunika ndiko kunakoleta tofauti: dawa ni yale mafuta, na mafuta hupaa na mvuke. Harufu ikijaa jikoni ujue kikombeni imebaki maji ya rangi. Kwa sababu hiyo pia usizichemshe mbegu robo saa kwenye sufuria iliyo wazi. Mnanaa hutengenezwa vivyo hivyo kwa majani mabichi 10, ila mwenye kiungulia auache, kwani hulegeza pia kizuizi kilicho juu ya tumbo.

Karafuu mbili tatu katika chai ni sawa. Mafuta ya karafuu kwenye kichupa ni kitu kingine. Kijiko kimoja tu kinaweza kuharibu ini la mtoto. Yawekwe mbali.

Kwa gesi, mtoto chini ya miezi 6 asipewe maji ya shamari, mvuje, wala chochote zaidi ya maziwa ya mama. Mvuje hasa umewahi kuwadhuru wachanga kwa kuharibu uwezo wa damu kubeba hewa. Wakubwa wautumie jikoni: kiasi cha punje ya choroko kwenye mafuta ya moto kabla ya kutia dengu au maharage.

Na kwa maharage yenyewe, loweka saa 12, mwaga maji hayo, chemsha dakika 10, mwaga tena, kisha pika kwa maji mapya. Sukari ambazo tumbo la mtu haliwezi kuzimeng'enya hutoka kwa sehemu na maji hayo. Magadi hulainisha maharage haraka lakini huua vitamini B1. Kama gesi huja kila ukinywa maziwa, pengine mwili wako umepoteza kimeng'enya cha laktosi, yaani sukari ya maziwa, kama walivyo watu wazima wengi duniani. Mtindi mara nyingi huvumilika.

Kichefuchefu

Tangawizi, na haina mshindani jikoni. Kipande cha gramu 5 hadi 6, yaani sentimita 2 za mzizi mnene kama kidole gumba, kina takriban gramu 1 ya tangawizi kavu, kwa kuwa maji ni kama asilimia 80 ya mbichi. Gramu 1 kavu kwa siku ndiyo kipimo kilichochunguzwa zaidi kwa wajawazito. Kwaruza, chemsha katika vikombe 2 kwa dakika 10 sufuria ikiwa imefunikwa, gawa sehemu 4, unywe kidogokidogo mchana kutwa. Ukinywa yote kwa mkupuo tumbo litawaka. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na anayekaribia upasuaji, amuulize daktari kwanza. Mjamzito anayetapika hadi mkojo unakuwa wa kahawia na haba anahitaji dripu.

Kufunga choo: panda ngazi moja moja

Watu huanzia juu ya ngazi, kwa sanamaki na mafuta ya nyonyo. Anzia chini.

Ngazi ya kwanza ni maji, papai, mboga za majani, na dona badala ya sembe. Ongeza ukwaju: loweka nyama yake gramu 30 katika glasi ya maji usiku kucha, kamua, chuja, kunywa asubuhi. Nenda chooni dakika 20 baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo mpana unajisukuma wenyewe, na weka kigoda chini ya miguu kama choo ni cha kukalia.

Ngazi ya pili ni isabgoli, maganda ya mbegu yanayovimba. Kijiko kimoja cha chai katika glasi nzima ya maji, koroga, kunywa papo hapo kabla haijawa kama mlenda, kisha glasi ya pili ya maji. Ukiyameza makavu au kwa maji kidogo huvimba kooni au kukwama utumboni. Subiri siku 1 hadi 3. Haifanyi kazi kwa saa. Dawa nyingine zinywe saa 2 mbali nayo. Hii ndiyo ngazi pekee ya dukani ambayo mtu anaweza kukaa nayo kwa muda mrefu.

Ngazi ya tatu ni chumvi ya haluli, yaani salfeti ya magnesiamu. Mtu mzima: vijiko 2 vya chai (karibu gramu 10) katika glasi ya mililita 250, asubuhi kabla ya kula, na maji zaidi juu yake. Magnesiamu huvuta maji utumboni, na choo huja kati ya nusu saa na saa 6, kwa hiyo usipande daladala. Nunua duka la dawa, iliyoandikwa kwamba ni ya kunywa. Chumvi hiyo hiyo huuzwa kama mbolea, na ya shambani haikusafishwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Mtoto, mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo, hapana kabisa.

Ngazi ya nne ni sanamaki. Majani makavu gramu 1, kama kijiko kimoja cha chai cha majani yaliyovunjwavunjwa. Yaloweke katika maji ya baridi yaliyochemshwa na kupozwa, saa 10 hadi 12, kisha chuja. Ya baridi husokota kidogo kuliko ya moto. Kunywa usiku, choo kitakuja baada ya saa 6 hadi 12. Mkojo ukigeuka mwekundu au kahawia usishtuke. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha, na isizidi wiki 1. Anayeifanya chai ya kupunguza unene anapoteza maji na potasiamu tu, mafuta yako palepale, na mwenye kutumia digoksini (dawa ya moyo) au dawa za kukojosha anahatarisha moyo wake. Na kamwe usinywe dawa yoyote ya kuendesha ukiwa na maumivu ya tumbo ambayo hujui yametoka wapi, hasa ukitapika na kushindwa hata kutoa hewa: huo unaweza kuwa utumbo ulioziba.

Mafuta ya nyonyo na shubiri ni vikali bila faida ya ziada. Nyonyo huamsha uchungu wa uzazi, mjamzito asiyaguse.

Udongo wa kula, na minyoo

Udongo unaouzwa sokoni kwa vipande, ambao Tanzania wengi huuita pemba, hutuliza kichefuchefu kwa sababu chembe zake hunata kwenye ute wa tumbo na kushika vitu. Vinavyoshikwa ni pamoja na madini ya chuma ambayo mjamzito anayahitaji kuliko wakati wowote. Unaweza pia kuwa na risasi na mayai ya minyoo. Hamu kali ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu: pima hemoglobini, na ukipewa vidonge vya chuma hamu hiyo kwa wengi hupungua.

Mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa pamoja na asali zilijaribiwa Nigeria kwa watoto 60, matokeo yakachapishwa mwaka 2007, na zilionyesha nguvu dhidi ya minyoo. Ni utafiti mdogo. Albendazoli, dawa ya minyoo ya hospitali, kidonge kimoja cha miligramu 400, ina ushahidi mpana na bei yake ni ndogo. Mtoto wa miezi 12 hadi 24 hupewa miligramu 200, na mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo hapewi. Mafuta ya mwarobaini mtoto asinyweshwe kwa minyoo wala kwa kitu kingine. Yamewahi kuleta degedege na vifo vya watoto wadogo.

Kununua na kutunza

Nunua mbegu na majani mazima, sio unga. Unga huficha ukungu, mchanga na vidonge vya hospitali vilivyosagwa humo. Ponda moja: kama hainukii, mafuta yameshatoka na unanunua takataka. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, kabatini mbali na jiko, uandike jina na mwezi. Mbegu nzima hudumu mwaka, majani miezi 6. ORS iliyogandamana au kugeuka rangi ya kahawia, itupe. Na unapokwenda hospitali, beba mfuko wa ulichokuwa unakunywa umwonyeshe daktari, hata kama unaona haya, maana dawa atakayokuandikia inategemea kilichomo tumboni tayari.